Mtu Hafi kwenye Simu

Simu ya kwanza ilimkuta Ghaliya chini ya lango la mji wa kale wa Maskati, mkono juu, akiwaonyesha Wajerumani wake mahali ambapo zamani komeo lilikuwa likipita. Walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha ukuta, kofia vichwani, chupa za maji mikononi, wakimsikiliza kwa ule utulivu wao wa watu wasiotaka kupitwa na neno. Alikuwa amefika pale anapopapenda mwenyewe: kwamba hata wakati ambapo binadamu wameshatembea mwezini, mji huu ulikuwa bado ukifungwa kila siku, saa tatu baada ya jua kuchwa. Mzinga ulilia ngomeni, malango yakafungwa, na mwenye kutembea ndani ya mji baada ya hapo sharti ashike taa, ajulikane ni nani. Aliyechelewa nje, basi tena. Ghaliya aliinyamazisha simu ndani ya mkoba bila ya kuitazama.

"Sisi tunalo neno la jambo hilo," alisema mzee mmoja wa kundi lile. Alikuwa mwalimu mstaafu, Herr Lindner, na tangu asubuhi alikuwa akiinua kidole kabla ya kusema, kana kwamba yeye ndiye mwanafunzi. "Torschlusspanik."

Ghaliya alilijua neno. Alisoma Leipzig ujanani mwake, na huko alilisikia likitumiwa kuwatania wasichana wanaokaribia miaka thelathini bila ya mchumba. Ila lilikotoka hakupata kuuliza. Herr Lindner akalimenya kipande kimoja kimoja kama chungwa. Tor ni lango. Schluss ni ule mwisho wa jambo, kufungwa kwake. Panik ni kiwewe. Miji yao nayo ilikuwa na kuta, alieleza, na jua lilipozama kengele ililia. Waliokuwa mashambani na njiani waliacha walichokishika wakakimbia, kwa sababu aliyekuta lango limefungwa alitozwa faini ili apenyezwe kwenye kilango kidogo, au alilala nje pamoja na wezi. Baadaye kuta zilibomolewa na malango yakawa mapambo ya mji. Kiwewe kikabaki hakina lango, ndipo watu wakakitafutia kazi nyingine, wakaanza kukisema juu ya umri.

"Umri wa wanawake hasa," alimalizia, kisha akaona haya. "Uniwie radhi."

"Usijali," Ghaliya alimwambia. "Langu lilifungwa zamani, na tangu hapo nalala usingizi mzuri."

Walicheka wote, naye akacheka nao. Simu ikatetemeka tena mkobani. Safari hii alilitazama jina: Safwan, mtoto wa mama yake mdogo Kheiria, kutoka Unguja. Aliwaomba wageni wake radhi akasogea pembeni, karibu na magari.

"Da Ghaliya, mama hali yake si nzuri," Safwan alisema. "Mama mkubwa aje. Njooni."

"Kaanza lini?"

"Njooni tu, dada. Msiwe na wasiwasi, lakini njooni."

Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wakisoma Yasini. Mtu akamwita Safwan kwa haraka, na simu ikakatika.

Kwetu sisi mtu hafi kwenye simu. Huumwa. Baba yake Ghaliya alianguka kazini akakata roho kabla hajainuliwa sakafuni, lakini mwanawe Thani, aliyekuwa akisoma Misri, aliambiwa baba ana homa, aje amtazame. Thani alishuka uwanja wa ndege na mfuko wa machungwa kwa ajili ya mgonjwa. Amu yao aliyepinduka na gari kwenye njia ya Nizwa, mkewe aliambiwa amepata mafua. Wageni hutuona waongo, nasi hatuna la kuwajibu, maana uongo ni uongo. Lakini habari ya mauti haitupwi kichwani mwa mtu aliye peke yake mbali. Huitwa kwanza. Huja, hukalishwa, hupewa maji, hushikwa mkono na wenziwe, ndipo neno likasemwa, na kwa kawaida huwa hapana haja ya kulisema kwa sababu ameshaliona machoni mwa waliompokea.

Kwa hivyo kila mtu wa kwetu anazijua dalili. Ukiambiwa fulani yu mahututi, kalazwa chumba fulani, daktari kasema hivi na hivi, shukuru Mungu, yu hai. Ukiambiwa hali yake si nzuri, njoo, usiwe na wasiwasi, basi jifunge kibwebwe. Na mwenye adabu haulizi zaidi. Akiuliza, atamlazimisha mwenziwe kulitamka.

Ghaliya hakuuliza. Alisema innalillahi moyoni, akajifuta macho kwa ncha ya shela, akarudi kwa Wajerumani wake. Aliwapeleka makumbusho, akawaeleza majambia na sarafu, na hakukosea mwaka hata mmoja.

Ndani ya gari lake, kabla ya kuwasha injini, alitazama safari za ndege. Ilikuwapo ya jioni ile ile ya Alhamisi, ina nafasi. Alizitazama zile nafasi kwa muda. Halafu alifikiri kama mtu mwenye akili timamu anavyofikiri. Maiti kwetu halazwi. Kama Kheiria alifariki asubuhi, basi saa hii anaswaliwa, na jioni atakuwa kaburini. Ndege gani itakayomwahi? Kundi lake la Wajerumani lingemaliza siku zake Jumamosi, na kampuni haikuwa na mtu mwingine wa kuwasemesha. Mama yake naye alikuwa mtu mzima, ana moyo wa kuchungwa, wa kuambiwa kidogo kidogo. Alikata tiketi mbili za Jumapili.

*

Mama yake, Bi Zakiya, alikuwa sebuleni, nyumbani kwao Wattaya, ameketi karibu na dirisha linalotazama nyuma ya maduka ya magari. Alikuwa amevuka sabini. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka miaka mingi nyuma. Mtu aliyekaa mbele yake akanyanyua sauti alimsikia, lakini simu kwake ilikuwa nyuki tupu. Salamu zake zote na ndugu yake wa Unguja zilipita kwa Ghaliya. Kheiria akisema jambo, Ghaliya alilipokea sikioni na kulipandisha kwa sauti kwa mama yake, na mama yake alijibu kwa kupiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya uwanja. Majirani walijua bei ya samaki ya Unguja kuliko waliokuwa wakiwanunua.

Ndugu hawa wawili walitenganishwa na ndoa. Zakiya aliolewa akaletwa Omani miaka ya sabini. Kheiria akabaki na mumewe Unguja, na hakutaka kuhama hata alipokuwa mjane. Walionana kwenye harusi, kwenye Idi mbili tatu, na walipofiwa na mama yao. Siku hiyo walimwosha wenyewe, wao wawili, wakamkataa mwoshaji aliyeletwa. Walipomaliza, mikono yao ingali inanukia karafuu maiti, Kheiria alimwambia dada yake: atakayetangulia, mwenziwe amwoshe. Nisiguswe na mtu mwingine na wewe uko hai. Zakiya aliitikia. Tangu siku hiyo kila mmoja aliweka kabatini mfuko wake: majani ya mkunazi yaliyosagwa, kopo la karafuu maiti, vitambaa vyeupe laini. Kila mwaka mfunguo mosi, Ramadhani ikisha, walikumbushana kubadilisha yaliyochakaa, na Ghaliya ndiye aliyekuwa akipitisha ukumbusho huo kwenye simu, akiona unamtia baridi.

Basi hilo ndilo alilokuwa akilifikiri alipovua viatu mlangoni. Mama yake ameshapitwa na ahadi yake, na yeye ndiye atakayemwambia.

Alikaa karibu naye. Huruma ya kwetu hutaka mnong'ono, na Ghaliya alilazimika kuipigia kelele.

"Safwan kapiga simu, mama. Mama mdogo anaumwa kidogo."

Bi Zakiya aliacha tasbihi mapajani. "Anaumwa nini?"

"Hajasema. Anataka twende."

Mama yake alimtazama. Na yeye alizaliwa katika kaya hizi hizi, alishawaficha wengi na kufichwa na wengi. Aliinama mbele, akamshika mwanawe kidevu kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo.

"Nnakuuliza, Ghaliya, na unambie kweli. Kheiria yu hai?"

"Hai, mama."

"Sema nisikie."

"Hai!" Ghaliya alipaza sauti, na uso ukamwaka moto kwa ule uongo.

Bi Zakiya aliinuka, na magoti yake yalimtii upesi kuliko ilivyokuwa desturi. Alikwenda chumbani akarudi na mfuko wake wa kabatini, akauweka juu ya meza, akaanza kuvikunjua vile vitambaa na kuvikunja upya. Alifungua kopo, akanusa, akalifunga. "Basi twende leo," alisema. "N'takaa naye. Mungu akimponya, n'tarudi na mfuko wangu. Asipomponya, n'takuwa nipo."

"Jumapili, mama."

"Leo kuna ndege. Mke wa jirani Saeed alikwenda na ndege ya Alhamisi."

"Imejaa. Ya kesho imejaa. Ipo ya Jumapili."

Hapo Bi Zakiya alisimama na kitambaa mkononi. Ghaliya alimwona akitazama, akipima. Kama Kheiria yu hai, Jumapili ya nini? Mtu aliye hai hupandiwa hata punda. Mtoto wake huyu, anayewapangia watu wa mataifa safari zao, leo ameshindwa kumpatia mama yake kiti? Uso wa mama ulijifunga taratibu. Alikikunja kile kitambaa cha mwisho, akakirudisha mfukoni, akauchukua mfuko mzima akaurejesha kabatini. Mlango wa kabati ulipofungwa, Ghaliya alivuta pumzi. Alihisi afueni, na hili lazima lisemwe, kwa sababu alihisi hivyo: mama ameelewa, na hapana aliyelazimika kulitamka.

Jioni ile walikaa pamoja bila ya kuwasha televisheni. Bi Zakiya alisoma Yasini. Ghaliya alimpikia uji wa mtama akaunywa nusu. Walimlilia Kheiria kimya kimya, kila mmoja akimficha mwenziwe.

*

Ijumaa, baada ya swala, aliwapeleka Wajerumani sokoni Matrah. Vichochoro vilikuwa vimejaa, ubani unafuka milangoni, wauza shali wanaita kwa lugha sita. Wageni walitawanyika kwenye maduka ya fedha. Herr Lindner alibaki naye kwenye baraza ya duka la viungo.

"Leo huna sauti yako," alimwambia.

Ghaliya hakukusudia kumwambia, lakini ni rahisi kumwambia mgeni. "Nimefiwa na mama yangu mdogo. Unguja."

"Pole sana. Lini?"

"Jana. Mwanawe alinipigia simu tulipokuwa langoni."

"Na akakwambia amefariki, na wewe ukatufanyia kazi mpaka jioni?"

"Aliniambia anaumwa."

Herr Lindner alikunja uso. "Anaumwa?"

"Ndiyo."

"Basi anaumwa," alisema mzee yule.

Ghaliya alitabasamu. Alimwonea huruma kidogo, kama tunavyowaonea huruma watu wanaoishi duniani wakiwa na maneno tu, bila ya kile kilichofunikwa na maneno. Alimweleza ile desturi yetu: Thani na machungwa yake, amu na mafua yake. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima. Alisema kwao daktari humwambia mgonjwa mwenyewe siku zake zilizobaki, na kwamba hajui lipi lina huruma zaidi.

"Lakini nisamehe," akasema. "Kwa desturi hiyo, mtu ambaye kweli anaumwa tu, mnasemaje?"

Swali lile lilimpata mahali. Ghaliya aliitoa simu mkobani, akalifungua jina la Safwan, kidole kikasimama juu yake. Atamuuliza nini? Mama yako yu hai? Amuulize hivyo mtoto aliyefiwa jana, amlazimishe kujibu? Nyumba nzima ingemsikia, nao wangesema huyu kasoma Uzunguni mpaka kasahau kwao. Alilitazama kundi la jamaa kwenye simu. Hapana aliyeandika kitu tangu juzi, na ukimya ule nao ni wa kwetu, ukimya wa watu waliokubaliana kungoja mfiwa afike. Mama mmoja wa Kijerumani akaja akimuuliza namna ya kujua ubani mzuri na mbaya. Ghaliya akarudisha simu mkobani, akainama juu ya magunia kumwonyesha vipande vyeupe vyenye kupitisha mwanga.

*

Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Mama yake alikuwa mezani, mkate wa kumimina mbele yake haujaguswa. Simu ikalia.

"Da Ghaliya," Safwan alisema. "Mama kafa."

Hakusema katutoka, hakusema katangulia. Alilisema neno lenyewe kavu, kama linavyosemwa juu ya kuku, na Ghaliya kwa mara ya kwanza maishani mwake akasikia mtu akifa kwenye simu.

"Kafa leo alfajiri. Mbona hamkuja?"

Ghaliya aliushika ukuta. "Leo?"

"Alikuwa akimngoja mama mkubwa. Hakutaka kulazwa hospitali, kasema Zakiya akija hatoniona. Kila mlango ukigongwa anauliza, ndo Zakiya? Watu ndo hao wanakuja kumtazama, mlango unagongwa kila saa, na kila saa anauliza. Jana tukauacha wazi. Tukauegemeza jiwe, usigongwe tena."

"Safwan, mimi nlidhani keshafariki. Tangu Alhamisi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi nlisema anaumwa."

"Ukasema njooni, msiwe na wasiwasi. Wanasoma Yasini."

"Wanamsomea mgonjwa, dada." Sauti ya kijana ilivunjika. "Ndo nlivyoweza kusema. Ningesemaje?"

Ghaliya alilirudia swali moyoni. Angesemaje? Alimwona Safwan akilitafuta neno la kusema kwamba mama yake kweli anaumwa, na maneno yote yameshatumiwa kwa maiti. Ndege ya Alhamisi ingewafikisha kabla ya Ijumaa kupambazuka. Kheiria angelikuwa na siku nzima na dada yake, yu hai, akili zake timamu, mlango umeegemezwa jiwe. Yule Mjerumani alikuwa amemweleza habari za wanaokimbia, wenye kiwewe, wanaoacha jembe chini kwa sababu kengele inalia. Hakumwambia habari ya mtu aliyekaa chini njiani akaanza kulia, lango li wazi mbele yake, kwa kuwa alidhani kengele imekwisha kulia. Funguo zilimwumiza kiganjani. Alizitia mfukoni.

"Wanamzika saa ngapi?" aliuliza.

"Baada ya adhuhuri. Wanatia maji motoni. Mwoshaji keshaitwa."

"Usikate," Ghaliya alisema.

Mama yake alikuwa akimtazama kutoka mezani. Hakuwa amesikia hata neno, lakini alikuwa ameona. Ghaliya alijua kwamba njia ilikuwapo, na ilikuwa rahisi. Bi Zakiya alishamlilia ndugu yake tangu Alhamisi. Angeweza kuachwa na Alhamisi yake. Wangefika kesho, wangekuta matanga, Safwan angenong'onezwa asitaje siku, na jamaa wote wangeshirikiana kwa ustadi wetu wa miaka yote. Mama angekufa bila ya kujua kwamba mlango uliachwa wazi. Hiyo nayo ingeitwa huruma.

Alikwenda akapiga magoti mbele yake, simu mkononi.

"Mama mdogo kafariki," alisema kwa sauti ya kusikika.

Bi Zakiya aliitikia kwa kichwa. Alijua.

"Kafariki leo, mama. Alfajiri."

Kichwa kilisita. "Leo?"

"Leo."

"Alhamisi alikuwa hai?"

"Hai."

"Na jana?"

"Hai. Alikuwa akikungoja."

Nje gari kubwa la kubebea magari mapya lilikuwa likirudi nyuma, likilia. Bi Zakiya alingoja lipite.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukanambia hai."

"Nlikwambia hai, na mimi nlijua nakudanganya. Kumbe ndo ilikuwa kweli. Ndege haikujaa, mama. Nafasi zilikuwapo."

Alingoja apigwe, au alaaniwe, au ashikwe kichwa na kusamehewa. Mama yake hakufanya hata moja. Alitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaigeuza tena. Simu ya pili ya Ghaliya, ya kazini, ilikuwa ikitetemeka mkobani. Basi la Wajerumani lilikuwa linangoja hotelini. Iliita mpaka ikachoka.

"Wameshamwosha?" Bi Zakiya aliuliza.

"Bado. Wanatia maji motoni."

"Nani anamwosha?"

"Kaitwa mwoshaji."

"Hapana," alisema Bi Zakiya. Aliinuka, akaenda chumbani, na Ghaliya akasikia kabati likifunguliwa. Alirudi na mfuko wake. Aliuweka mezani mahali pa mkate, akatoa vitambaa, akatoa majani ya mkunazi, akatoa kopo. Aliukunja mkono wa kulia wa kanzu yake mpaka juu ya kiwiko, kisha wa kushoto. "Mwambie Safwan ampe simu mkewe, aingie nayo. Ghadeer ana mikono mizuri. Yeye amwoshe, na mimi nimwambie."

Ghaliya alisema hayo kwenye simu. Kulikuwa na minong'ono, mtu alikataa, mtu alilia, kisha Safwan akasema maneno mawili na minong'ono ikaisha. Ghadeer alikuja kwenye simu, sauti yake ndogo. Alisema wameshaingia, yeye na wanawake wawili. Alisema wanaliondoa lile jiwe. Ghaliya akausikia mlango ukirudishwa taratibu, na komeo likiingia.

"Mwambie maji yawe vuguvugu," alisema Bi Zakiya. "Kheiria hawezi maji baridi."

Ghaliya alisema. Ghadeer akajibu.

"Vuguvugu, mama!"

"Wamfunike. Asiachwe wazi hata kidogo. Mkono upite chini ya nguo."

"Kafunikwa!"

"Amtie udhu, taratibu. Halafu ubavu wa kulia. Ule mkono wa kulia aliuvunja utotoni, haunyooki sawasawa. Wasiulazimishe."

Ghaliya alilipitisha kila neno kama lilivyo, na kila jibu akalirudisha kama lilivyo, bila ya kulipunguza wala kulitia sukari. Mkono haunyooki, mama. Wameuacha. Uso wake umetulia. Midomo imekauka. Katika simu alisikia maji yakimiminwa na kupokewa na beseni, yakimiminwa tena. Mama yake hakuyasikia. Alikuwa ameshika kitambaa cheupe kikavu, na mkono wake ulikuwa ukipita juu ya meza tupu, kutoka kulia, taratibu, ukifika ukingoni na kuanza upya.

"Sasa kushoto," alisema.

"Sasa kushoto," Ghaliya alimwambia Ghadeer.

Walipofika kwenye maji ya mwisho, Bi Zakiya alilifungua kopo lake. Harufu ya karafuu maiti ilijaa sebule nzima, ikafika mpaka jikoni. Alichukua chembe mbili za juu, akazisugua kati ya vidole vyake mpaka zikapotea. Kule Unguja maji yalimiminwa kwa mara ya mwisho, yakadondoka, yakadondoka kwa kuchelewa zaidi, yakaacha. Ghadeer alikuwa akilia karibu na simu.

Bi Zakiya aliinua uso. Mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya meza.

"Wamefika wapi?" aliuliza.

Ghaliya alisogea karibu na sikio lake.

"Wanamfuta, mama," alisema, na akalisema kwa sauti, asikie.